Kabati moja, bodi nyingi: mwongozo kamili wa kufunga mitambo tofauti ya gemu kwenye kabati la nyumbani

Kabati langu limesimama kwenye kona ya sebule hapa Tanga. Fundi seremala alilichonga kwa plaiwudi ya milimita 18. Ukilitazama kwa mbele unaona skrini, joistiki mbili na vitufe, basi. Siri iko nyuma. Ukifungua mlango wa mgongoni utakuta plagi moja ndefu ikining'inia kwenye fungu la nyaya, na rafu ambayo leo imebeba bodi ya Kijapani (sahani ya saketi yenye gemu) na wiki ijayo itabeba kompyuta ndogo. Watoto wa jirani hudhani nina makabati manne.

Wengi wanaoanza hukosea mahali pamoja: wananunua bodi moja, kisha wanalifunga kabati lote kwa kuifuata bodi hiyo. Ikifa, au wakitaka gemu nyingine, wanang'oa nyaya zote na kuanza upya. Lifunge kabati kwa kuifuata plagi. Bodi ni mgeni, anakuja na kuondoka. Plagi ndiyo mwenyeji.

Plagi ya JAMMA na meno yake 56

Zamani kila kampuni ilikuwa na mpangilio wake wa nyaya. Bodi ya Pac-Man ya 1980 haikuingia kwenye nyaya za Donkey Kong ya 1981, na mwenye ukumbi wa gemu aliyetaka kubadilisha gemu alilazimika kumwita fundi. Mwaka 1985 chama cha watengenezaji wa mashine za burudani cha Japani, JAMMA, kikaweka mpangilio mmoja, nao ukachukua jina la chama. Bodi nyingi za ukumbini zilizotoka kati ya mwishoni mwa miaka ya 1980 na miaka ya 1990 zinaufuata, au zinaukaribia sana.

Ukingoni mwa bodi kuna meno ya shaba 56, yaani 28 upande wenye chipu na 28 upande wa risasi, yaani wa nyuma ambako miguu ya chipu imechomelewa. Kutoka jino hadi jino ni milimita 3.96. Upande wa chipu huhesabiwa 1 hadi 28. Upande wa risasi huhesabiwa kwa herufi, A hadi Z kisha a hadi f, zikirukwa G, I, O na Q kwa sababu zinachanganya macho. Andika orodha hii kwa kalamu isiyofutika na uibandike ndani ya mlango wa kabati:

- 1, 2, A, B na 27, 28, e, f: hasi (njia ya umeme kurudi, volti 0; si ile ya volti 5 hasi)
- 3, 4, C, D: volti 5 chanya
- 5, E: volti 5 hasi
- 6, F: volti 12 chanya
- 7, H: pengo la ufunguo, hapana waya
- 10 na L: spika, chanya na hasi
- 12, N, 13: nyekundu, kijani, bluu
- P: ishara ya ulinganishi wa picha (huiambia skrini picha ianzie wapi), 14: hasi ya picha
- R: kitufe cha huduma, 15: kitufe cha majaribio
- 16, T: sarafu, 17, U: kuanza
- 18 hadi 21: juu, chini, kushoto, kulia kwa mchezaji wa kwanza, V, W, X, Y kwa wa pili
- 22, 23, 24: vitufe vitatu vya wa kwanza, Z, a, b vya wa pili

Utaona kwamba JAMMA ina vitufe vitatu tu kwa kila mchezaji. Jambo hilo litatusumbua mbele.

Sasa tuangalie pengo la 7 na H, maana ndilo lililonigharimu bodi. Ndani ya plagi kunatakiwa kipande cha plastiki kinachoziba nafasi hiyo, na bodi yenyewe imekatwa pengo mahali hapo. Kazi yake ni kuzuia plagi isiingie kichwa chini. Fungu la nyaya nililouziwa mara ya kwanza halikuwa na kipande hicho. Ukiigeuza plagi, hasi inaangukia kwenye hasi na unaweza kudhani mambo yako sawa. Lakini volti 12 inaangukia kwenye njia ya kitufe cha pili, volti 5 hasi kwenye kitufe cha tatu, na volti 5 chanya kwenye 25 na 26. Chipu inayopokea vitufe imeundwa kwa volti 5, na volti 12 zikiipiga haidumu. Plagi yako ikija bila ufunguo, kata kipande cha plastiki ngumu, kisukume mpaka kikae imara kwenye nafasi ya 7, ndipo uendelee.

Umeme kwanza, bodi baadaye

Kabati linahitaji pawasaplai inayotoa volti 5, volti 12 na volti 5 hasi. Zinauzwa maalumu kwa makabati ya gemu, na nyingi zina kirekebishi kidogo cha kuzungusha kwa bisibisi ili kupandisha au kushusha volti 5. Chukua yenye kirekebishi. Zipo za kuchagua kati ya volti 110 na 220 kwa swichi ndogo ubavuni. Ikague swichi hiyo kabla ya kuchomeka ukutani, maana umeme wetu ni wa volti 230.

Fuata mpangilio huu na usiruke hatua:

1. Waya wa ukutani upite kwenye fyuzi, kisha swichi ya kuwashia, kisha pawasaplai. Waya wa ethi ufungwe kwenye chuma cha pawasaplai na kwenye kila chuma mtu anachoweza kugusa: fremu ya skrini, bamba la vitufe kama ni la chuma, mlango wa sarafu.
2. Toa nyaya mbili nene za volti 5 na mbili nene za hasi kutoka pawasaplai hadi kwenye plagi, na uzigawe kwenye meno yote yanayohusika. Usitegemee waya mmoja mwembamba. Bodi hunywa ampea kadhaa kwenye volti 5, na waya mwembamba hula sehemu ya volti njiani.
3. Washa bila bodi. Chukua tesa (kipima volti), weka ncha nyeusi kwenye jino la 1 la plagi na nyekundu kwenye 3, kisha 4, C, D, 5, E, 6, F. Kila namba unayosoma ilinganishe na orodha ya mlangoni.
4. Zima. Subiri. Chomeka bodi.
5. Washa, kisha pima volti 5 tena, safari hii juu ya bodi yenyewe, kwenye miguu ya chipu au kapasita iliyo mbali na plagi. Hapo ndipo urekebishe mpaka usome kati ya 4.95 na 5.10.

Hatua ya tano ndiyo wengi wanayoiruka. Pawasaplai inaweza kusoma 5.0 kwenye skrubu zake huku bodi ikipata 4.7. Chini ya 4.75 bodi nyingi huanza kujizima na kujiwasha, au kutoa picha chafu, na mtu anaamini bodi ni mbovu. Juu ya 5.25 unaihatarisha. Na kila ukibadilisha bodi pima upya, kwa sababu kila bodi hunywa kiasi chake. Ukitoka kwenye bodi nzito kwenda nyepesi bila kurekebisha, ile nyepesi itapokea volti nyingi mno.

Waliopata kabati zima kutoka Japani, mfano Astro City ya Sega, wakumbuke kwamba limeundwa kwa volti 100. Utahitaji transfoma ya kushusha. Zingatia kwamba transfoma nyingi za kushusha zinazouzwa madukani hazitenganishi umeme wa ukutani na wa ndani, zinapunguza tu. Skrini nyingi za ukumbini za zamani zinataka transfoma ya kutenganisha, kwa sababu chuma chao cha ndani kimeungana na njia ya umeme. Ukiifunga skrini ya namna hiyo bila transfoma hiyo, kuna siku utagusa bodi na ukutani kwa wakati mmoja. Kwa hili muulize fundi umeme.

Skrini

Swali la kwanza kwa kila bodi unayotaka kununua ni hili: inatoa picha kwa kilohezi ngapi? Bodi nyingi za JAMMA hutoa takribani kilohezi 15, yaani mistari kama elfu 15 na zaidi kwa sekunde. TV zetu za chogo za mfumo wa PAL huchora mistari 15,625 kwa sekunde, kwa hiyo ni ndugu wa damu. Skrini ya kompyuta huanzia kilohezi 31. Chache za ukumbini ni za kilohezi 24. Skrini ya 15 ikilazimishwa kupokea 31 inaweza kuungua, na skrini ya kompyuta ikipewa 15 huonyesha kiza au ujumbe wa kukataa.

Una njia tatu.

Skrini halisi ya ukumbini ndiyo rahisi. Inapokea nyekundu, kijani, bluu, ishara ya ulinganishi na hasi moja kwa moja kutoka kwenye plagi, bila kitu chochote katikati. Shida ni kuipata.

TV ya chogo ni nzuri kuliko watu wanavyodhani, na bado zipo kwa mafundi redio. Lakini usichomeke nyaya za JAMMA kwenye TV hivihivi. Rangi zinazotoka kwenye bodi ya ukumbini zina nguvu kubwa zaidi, zinaweza kufika volti 3 au zaidi, wakati tundu la rangi la TV linatarajia volti 0.7. Lazima ipite kwenye kibadilishi kinachopunguza. Chogo nyingi za miaka ya mwisho zina matundu matatu ya nyekundu, kijani na bluu nyuma, na hapo wengi hudanganyika. Matundu hayo si ya RGB, yaani nyekundu, kijani na bluu kila moja kwa waya wake. Ni mfumo mwingine uliopakwa rangi hizohizo, nao pia unahitaji kibadilishi cha RGB kwenda kwenye mfumo huo.

Na ndani ya chogo usiingize mkono. Kile kikombe cha mpira juu ya kioo hubeba volti zaidi ya 20,000, na kioo kinaweza kubaki na chaji muda mrefu baada ya kuzimwa na kuchomolewa. Mpe kazi hiyo fundi redio aliyezoea kuitoa chaji. Namheshimu sana fundi wangu. Ameshika kazi hiyo tangu enzi za redio za mbao, na hata yeye hufungua chogo kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa mfukoni.

Njia ya tatu ni skrini bapa pamoja na bodi ndogo ya kubadilisha. Inayopatikana sana ni GBS-8200. Inapokea RGB ya kilohezi 15, inatoa picha ya kompyuta, na inaweza kula volti 5 kutoka kwenye pawasaplai ya kabati. Picha huchelewa kidogo. Kwa gemu za kufyatua na za taratibu huoni kuchelewa huko. Kwa gemu za kupigana utakuhisi mikononi.

Jambo jingine ni mlalo wa skrini. Pac-Man na 1942 zilichorwa kwa skrini iliyosimama wima. Street Fighter II ilichorwa kwa iliyolala. Kama unapenda zote, mwambie seremala atengeneze fremu inayozunguka kabla hajafunga chochote. Kuongeza baadaye ni kazi mara tatu.

Joistiki na vitufe

Hapa nitapita haraka. Kila kitufe ni swichi yenye miguu miwili: mmoja huenda kwenye jino lake, wa pili kwenye hasi. Hasi inaweza kuwa waya mmoja unaoruka kutoka kitufe hadi kitufe na kurudi mwanzo, ili ukikatika mahali pamoja vitufe vibaki hai. Vibano vya waya vina upana tofauti. Vitufe vya Sanwa vya milimita 30 hutumia vibano vya milimita 2.8, na swichi nyingi za mtindo wa Marekani hutumia 4.8. Pima kabla ya kuagiza.

Ukiona mchezaji anashuka unapomwambia apande, usiibadilishe bodi. Fimbo ya joistiki huegemea katikati, kwa hiyo ukiisukuma juu mkia wake unabonyeza swichi ya chini. Waya wa "juu" unafungwa kwenye swichi ya chini, na wa "kushoto" kwenye swichi ya kulia.

Bodi halisi ya JAMMA

Anza na hii, hata kama lengo lako ni kompyuta. Ikifanya kazi unajua kabati zima ni zima.

Safisha meno ya bodi kwa ufutio mweupe wa shule, taratibu, kisha pangusa kwa pamba yenye spiriti safi. Usitumie msasa, kwa sababu utaondoa mpako na shaba itaanza kuota kutu. Ifunge bodi kwenye rafu kwa miguu ya plastiki. Isilale juu ya chuma wala juu ya mbao zenye skrubu zilizojitokeza. Chomeka plagi kwa mikono miwili, ikiingia sawasawa pande zote.

Spika iunganishwe kwenye 10 na L peke yake. Usiunganishe waya hasi wa spika na hasi ya kabati ili kuokoa waya, maana kwenye baadhi ya bodi nyaya zote mbili za spika zinaendeshwa na amplifaya, na ukiubana mmoja kwenye hasi unaichoma.

Picha ikija lakini inateremka au inakatika kama kitambaa kilichochanika, ishara ya ulinganishi haifiki vizuri. Pima waya wa P na hasi ya 14. Rangi moja ikikosekana, ni waya wa rangi hiyo au jino chafu. Kisha tafuta swichi ndogondogo zilizopangwa kwenye kisanduku juu ya bodi. Humo utapata kiwango cha ugumu, idadi ya maisha na, kwenye bodi nyingi, kucheza bila sarafu. Bonyeza kitufe cha majaribio, bodi itakuonyesha kila kitufe kinachosoma.

Sasa ule upungufu wa vitufe vitatu. Street Fighter II ya 1991 inataka sita. Capcom, kampuni iliyoitengeneza, ilitatua kwa kuweka plagi ndogo ya pembeni kwa ajili ya mateke, nje ya JAMMA. Kwa hiyo ngumi tatu zinapita kwenye JAMMA, na mateke matatu kwenye waya wa ziada. Mitambo ya Capcom, CPS-1 na CPS-2, ina waya tofauti wa mateke, na mmoja hauingii badala ya mwingine. Ushauri wangu ni kufunga vitufe sita kwa kila mchezaji tangu mwanzo, na nyaya za vitufe vya mateke uzimalizie kwenye plagi moja ndogo uliyoichagua mwenyewe ndani ya kabati. Kila mtambo utautengenezea waya mfupi unaoishia kwenye plagi hiyo.

Kuhusu CPS-2, iliyotoka 1993, kuna jambo ambalo muuzaji wa mtandaoni hatakuambia. Ndani ya sanduku lake kuna betri ya lithiamu ya volti 3.6 inayolinda ufunguo wa siri wa programu. Betri ikiisha, ufunguo unapotea na gemu halifunguki tena, hata ukiweka betri mpya. Mashabiki wamepata njia ya kuzifufua. Mwaka 2016 Eduardo Cruz alionyesha namna ya kuandika tena ufunguo huo kwa kutumia Arduino, bodi ndogo ya kuprogramu. Kabla ya kulipa, uliza betri ilibadilishwa lini.

MVS ya SNK: kabati linalobadilisha katriji

Kwa maoni yangu huu ndio mtambo bora kwa nyumba yenye watoto. SNK, kampuni ya gemu ya Japani, iliutoa mwaka 1990: bodi mama inabaki kwenye kabati na unabadilisha katriji tu, yaani kasha lenye gemu. Zipo za nafasi moja, mbili, nne na sita.

Inachomekwa kwenye plagi ileile ya JAMMA, ila inatumia vitufe vinne. Kitufe cha nne kinakaa kwenye jino la 25 kwa mchezaji wa kwanza na c kwa wa pili, mahali ambapo mpangilio wa asili uliacha wazi. Vuta nyaya mbili, umemaliza.

Katriji isichomolewe wala kuchomekwa umeme ukiwa umewaka. Si suala la adabu. Meno ya katriji yanapita juu ya meno ya umeme wakati inaingia, na dakika hiyo chochote kinaweza kugusana na chochote.

Bodi mama nyingi za zamani zina betri ya kuchajika iliyochomelewa juu ya bodi, nayo ikizeeka huvuja maji yanayokula njia za shaba. Ukinunua, omba picha ya karibu ya sehemu ya betri. Ukiona rangi ya kijani au bluu ya unga, punguza bei au achana nayo. Fundi anaweza kuing'oa na kuosha sehemu hiyo kwa siki nyeupe kidogo, kisha spiriti. Kama ataweka betri ya sarafu ya CR2032 badala yake, aondoe njia ya kuchaji kwanza. CR2032 haichajiki, na ukiilazimisha inaweza kupasuka.

Bodi za Kichina zenye gemu mamia

Ni nafuu, zinapatikana, na zina JAMMA. Ubora wa sauti na kasi ya gemu hutofautiana sana, na wauzaji hawana ruhusa ya wenye gemu zilizomo. Sizipendi kwa sababu hiyo. Lakini nimezikuta kwenye makabati mengi, na tatizo lake moja linarudi kila mara: mchezaji anapiga teke bila kuguswa.

Sababu ni hii. Bodi hizo hupanua JAMMA kwa kuweka vitufe vya nne, tano na sita kwenye 25, 26 na 27. Kwenye mpangilio wa asili 27 ni hasi. Fungu lako la nyaya likiwa limeunganisha 27 na hasi, bodi inaona kitufe cha sita kimebonyezwa wakati wote. Toa waya wa hasi kwenye 27 na e, uache hasi kwenye 1, 2, A, B, 28 na f. Bodi za kawaida hazitadhurika, kwa sababu hasi iliyobaki inawatosha.

Kompyuta, Raspberry Pi na MiSTer

MAME, programu inayoiga mitambo ya ukumbini, ilianzishwa na Mwitaliano Nicola Salmoria mwaka 1997. Ili kompyuta iingie kwenye kabati letu bila kukata waya hata mmoja, unahitaji kigeuzi chenye meno ya JAMMA upande mmoja. Ninachokiamini ni J-PAC cha kampuni ya Ultimarc ya Uingereza. Unachomeka plagi ya kabati kwenye J-PAC kana kwamba ni bodi ya gemu. Vitufe vinakuwa herufi za kibodi kupitia USB, na picha ya kompyuta inaongezwa nguvu ili ilingane na skrini ya ukumbini.

Hatari kubwa hapa ni dakika ya kuwasha. Kompyuta ikiamka hutoa kilohezi 31 kabla programu haijaanza. J-PAC huzuia ishara inayozidi kiwango isifike kwenye skrini. Kama umetumia kigeuzi kingine kisicho na kinga hiyo, weka swichi ya skrini peke yake, na uiwashe baada ya kompyuta kutulia kwenye 15.

Raspberry Pi, kompyuta ya bodi moja, ni ndogo na hainywi umeme mwingi. Kwa kabati lenye skrini bapa inatosha, na RetroPie, programu ya kuendeshea gemu za zamani, huisimamia vizuri. Ifundishe familia kuizima kwa menyu. Ukizima kabati ghafla kadi ya kumbukumbu huharibika, na kwetu ambako umeme hukatika bila taarifa, hifadhi nakala ya kadi kwenye droo.

MiSTer ni hadithi nyingine. Haiigi kwa programu ya kawaida. Inatumia bodi ya DE10-Nano yenye chipu inayojipanga upya ndani ili saketi zake zifanye kazi kama za mtambo wa zamani. Uchelewaji wake ni mdogo sana, na kwa kilohezi 15 unaweza kuipeleka moja kwa moja kwenye skrini ya ukumbini kwa kutumia bodi ya ziada ya picha na kigeuzi cha JAMMA. Ni ghali kuliko Pi. Kama una chogo nzuri na unapenda gemu za kupigana, fedha yako iende huku.

Kwa zote tatu, faili za gemu zina wenyewe. Capcom na SNK wanauza mikusanyo ya gemu zao za zamani hadi leo.

Naomi na plagi inayofanana na USB

Sega ilitoa mtambo wa Naomi mwaka 1998, wakati ukumbi ulishahamia JVS, mfumo wa kuunganisha uliofuata JAMMA. Naomi haina meno ya JAMMA. Umeme wake unaingia kwa plagi yake, na pamoja na 5 na 12 unataka volti 3.3, ambazo pawasaplai ya kawaida ya kabati haina. Vitufe vinasoma kupitia bodi ya katikati, na waya unaounganisha una kichwa cha USB lakini si USB. Umeme na ishara zake ni tofauti. Usiuchomeke kwenye kompyuta. Nunua kigeuzi cha JVS kwenda JAMMA pamoja na pawasaplai yake, na kumbuka picha ya kawaida ni kilohezi 31. Ipo swichi ya kuishusha hadi 15 kwenye bodi, ingawa si kila gemu linaikubali.

Bodi za kabla ya 1985

Kwa hizi nunua au tengeneza kigeuzi kwa bodi moja moja, ukiwa na mchoro wa bodi hiyo mezani. Usikisie. Bodi ya Pac-Man hupokea umeme wa mkondo geu kutoka kwenye transfoma na kuunyoosha yenyewe. Bodi za Nintendo za enzi ya Donkey Kong hutoa rangi zilizogeuzwa, kwa hiyo kwenye skrini ya kawaida nyeusi itakuwa nyeupe mpaka uweke kigeuza rangi.

Kubadilisha na kutunza

Vipo vibadilishi vinavyopokea bodi mbili hadi sita na kuchagua kwa kitufe. Nimevijaribu na nimerudi kwenye mkono. Kila kiungio cha ziada kinakula volti na kuongeza mahali pa kutafuta tatizo. Badala yake nilinunua kipande kifupi cha kurefusha JAMMA na kukiacha kwenye plagi ya kabati. Kinachochakaa kwa kuchomeka na kuchomoa ni kipande hicho, nacho ni cha bei ndogo.

Kila bodi ina karatasi iliyobandikwa ubavuni: kilohezi zake, skrini wima au lala, vitufe vingapi, waya gani wa ziada, na kirekebishi kilikuwa wapi iliposoma volti 5. Ukiibadilisha usiku watoto wakisubiri, karatasi hiyo ndiyo inayokuzuia kukosea.

Kwetu pwani chumvi iliyo hewani hula meno ya shaba. Bodi isiyotumika ikae kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli, ule wa kijivu unaong'aa au wa waridi, pamoja na kifuko cha chembe za kunyonya unyevu, ndani ya boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana. Ikitoka, meno yapanguswe kwa spiriti kabla ya plagi kuyagusa, halafu tesa kwenye jino la 3.